Mjadala: Je, kituo kikuu cha mabasi cha Kisumu kihamishwe nje ya mji?

Mtoa hoja, Kisumu

Ndugu zangu, kila msongamano unapozidi mjini, huzuka tena rai kwamba kituo kikuu cha mabasi kiondolewe karibu na Soko la Jubilee na kupelekwa pembezoni, na mahali panapotajwa mara nyingi ni Mamboleo. Naipinga rai hiyo, na sababu yangu kubwa ni msafiri mwenyewe, ambaye husahauliwa pindi tunapoanza kuhesabu magari.

Tazameni barabara zilivyo. Anayetoka Busia huingilia Otonglo, anayetoka Kakamega hupitia Mamboleo na Kondele, na wanaotoka Kisii, Kericho na Nairobi hupitia Ahero na Nyamasaria. Kwa hiyo Mamboleo ni mlango wa barabara moja tu kati ya hizo. Magari ya Kisii na ya Busia yatalazimika kuuzunguka mji ili kuifikia, na mchuuzi aliyekuja kununua omena atashushwa mbali na soko, kisha alipe nauli ya pili ya tuktuk na mzigo wake.

Mji wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya watu wanaobadilisha chombo cha usafiri. Reli ya Uganda ilipofika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwezi Desemba 1901, ilikomea ufukoni ili abiria na shehena wahamie kwenye meli za kuvuka ziwa. Msongamano wa leo una chanzo kingine: mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni iliyokuwa ikidaiwa mabasi, na tangu hapo magari yakaongezeka kwa kasi ambayo vituo vyetu havikuwahi kupangiwa. Kuhama bila kupanga ni kuubeba msongamano uleule na kuutua mahali pengine.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi tunavyompokea mgeni. Si zamani sana nilikwenda kumlaki shangazi yangu katika kituo kimoja cha huku Magharibi, ambacho sitakitaja. Alikuwa amesafiri usiku kutoka Nairobi, na basi lilimshusha saa kumi alfajiri. Nilimkuta ameketi juu ya begi lake, leso ameivuta hadi masikioni, mkono mmoja umeshikilia kamba ya katoni, huku makanga wawili wakiliwania begi dogo lililokuwa miguuni pake. Mlango wa choo ulikuwa na kufuli. Aliniuliza gari la kwanza la kwenda kwao litaanza kupakia saa ngapi, nami sikuwa na jibu, kwa kuwa hapakuwa na ubao wa kusoma wala mtu wa kuulizwa. Mama wa miaka sabini alijizuia hadi kulipopambazuka.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi, na Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuyafikia maeneo yote na usafiri wa umma. Usafiri wa barabarani wa umma ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne. Magari hutozwa ada ya kutumia steji. Basi ada hiyo ionekane katika choo kinachofunguliwa usiku kucha, chumba cha kungojea chenye taa, mahali pa kuhifadhi mizigo, na ubao wa saa na nauli.

Mchangiaji, Nakuru

Nimekusoma kwa makini, na kuhusu shangazi sina ubishi. Lakini umepita haraka juu ya jambo zito. Sisi hapa Nakuru tunajua kituo kilichobanana na soko kinavyokuwa: moto ukizuka katika kibanda kimoja, gari la zimamoto litapita wapi? Mwaka 2020, wakati wa korona, magari ya abiria yaliondolewa katikati ya mji wetu. Ni kweli wafanyabiashara walilalamika, lakini watu waliweza kutembea. Mabasi makubwa yanayolala steji mchana kutwa yakisubiri safari ya usiku yana kazi gani katikati ya mji?

Mtoa hoja anajibu

Hapo umenishika, ndugu yangu, na nakubali. Basi linalosubiri abiria wa saa tatu usiku halistahili kukaa kituoni tangu asubuhi. Liegeshwe nje ya mji, liingie dakika arobaini na tano kabla ya kuondoka, lipakie, litoke. Naamini hatua hiyo peke yake ingefungua njia ya zimamoto, na hakuna abiria ambaye angelazimika kuhama.

Ninachokihofia ni steji za kando ya barabara. Kituo rasmi kikiwa mbali, watu hupandia pale panapowafaa, yaani ukingoni mwa barabara kuu, kati ya vibanda vya mahindi na bodaboda. Tarehe 30 Juni 2023, katika njiapanda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia watu na matatu zilizokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu arobaini wakafa. Kila mpango wa kuhamisha kituo ungepaswa kueleza kwanza utakavyozuia Nyamasaria na Kondele zisigeuke kuwa mahali pa namna hiyo.

Nawe uliye Nakuru unaweza kunisaidia kwa jambo moja ulilolishuhudia: magari yalipokuwa yameondolewa mjini, abiria walioshushwa alfajiri walingojea wapi, na nani aliwafungulia mlango?