Huyu "mtaalamu" wetu wa Linux hapa Chuga ana shida gani na watu lakini?

Wakuu, naandika huku natetemeka, chai imepoa na siitaki tena. Simtaji jina. Mnamjua. Yule mwenye picha ya pengwini aliyevaa miwani, ukimpa salamu anakuuliza kwanza unatumia toleo gani ndiyo aitikie.

Nina stationery yangu ndogo Kijenge. Laptop ni HP, mtumba lakini ngangari. Windows 10 ilipokatiwa masasisho Oktoba 14, 2025, mashine ikagoma kupanda Windows 11, eti haina TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Nani alinishawishi niweke Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows? Huyohuyo! "Njoo kwenye uhuru, kaka." Nikaja. Kufika kwenye uhuru, Wi-Fi hakuna. Sisemi inasuasua. Hakuna! Hata orodha ya mitandao ya majirani haiji, kama vile Kijenge nzima imehama.

Nikauliza kwenye kundi letu la Linux kwa adabu zote, picha ya skrini nikaambatanisha. Jibu lake la kwanza: "Futa vumbi kwanza." Nikameza. La pili: "Hiyo kadi ya Wi-Fi ni Broadcom, pakua draiva mtandaoni," yaani programu ya kuiendesha. Nikamwambia kaka, mtandao ndio sina, ndicho ninachoulizia hapa. Ndipo akaandika, mbele ya kundi zima, na wateja wangu wamo humo:

"Huna mtandao? Sasa hapa umeandikaje?"

UMEANDIKAJE! Vicheko vikashuka mpaka simu ikapata moto. Kuna mzee mmoja tangu aingizwe kundini hajawahi kuandika hata "amina" kwenye msiba. Siku hiyo kaibuka, kacheka, karudi zake kulala.

Nimeandika kwa SIMU, jamani! Simu! Kwani alidhani nimetuma njiwa?

Halafu ndiye kila siku anatuhubiria kwamba Linux ni ya jamii. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alipoutangaza mradi wake mwaka 1991 aliwauliza watu wangependa kuona nini ndani yake. Aliuliza! Hakumwambia mtu afute vumbi. Huyu wetu hajaandika hata mstari mmoja wa hiyo kerneli, kiini cha Linux, lakini madaha yake utadhani ameizaa yeye. "Umeandikaje." Mteja kaja asubuhi kutoa kopi ya cheti, ananiangalia, anacheka, ananiuliza, "Bosi, leo umeandikaje?"

Wadau, mtu wa namna hii tunamfanyaje?

---

Kahawa Chungu: Nimeweka kiti mbele kabisa. Endelea mkuu.

Bibi Kompyuta: Pole mwanangu. Ila nimecheka mpaka mjukuu kaja kuuliza kuna nini.

Mtoto wa Kaloleni: Huyo namjua vizuri. Mimi niliuliza kwa nini sauti haitoki, akanijibu "man alsamixer" akalala. Nilidhani ananitukana, kumbe ni amri ya kufungua maelezo ya programu ya sauti. Wiki nzima nikawa simsalimii.

Msonjo255: Mtoa mada unamtolea mfano Linus wa 1991 tu. Linus huyohuyo Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa lugha yake kwa wenzake na akapumzika kidogo ili ajirekebishe. Kwa hiyo huyo jamaa yako yuko kwenye mstari, bado hajafika 2018 tu.

Mtu wa Kijenge (mtoa mada): Mimi sijaja kusoma historia. Nimeambiwa UMEANDIKAJE mbele ya wateja.

Fundi Majira: Tuache povu tufanye kazi. Fungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri, andika `lspci -nn | grep -i net`, uniletee kilichotoka. Siyo picha, maandishi.

Mtu wa Kijenge: Nitaletaje maandishi na laptop haina mtandao? Nimeyanakili kwa kalamu kwanza, haya nayaandika hapa: Broadcom BCM43142, 14e4:4365.

Fundi Majira: Safi. Kadi hiyo draiva yake ni ya kampuni yenyewe, siyo ya chanzo huria, ndiyo maana haijiwashi. Chukua simu, ichomeke kwenye laptop kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya hotspot washa "USB tethering". Laptop itaiona simu kama mtandao wa waya. Kisha `sudo apt update`, halafu `sudo apt install bcmwl-kernel-source`, uwashe upya. Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka) ikiwa imewashwa utaulizwa nenosiri wakati wa kuinstoli, na ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu: chagua Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo wa draiva, weka nenosiri lilelile. Ukiiruka ile skrini, draiva itagomewa kimyakimya.

Msonjo255: Ngoja kwanza. Simu? Hiyo hiyo simu aliyoandikia? Kumbe jamaa alikuwa anampa jibu 😂😂😂

Kahawa Chungu: Mtaalamu alifunga dawa ndani ya tusi. Mtoa mada tulia, dawa iingie.

Mtu wa Kijenge: Dawa gani?! Angesema "chomeka simu" angekufa? Maneno mawili! Aliona bora anifedheheshe. Na bando langu la leo limeisha kwa kugombana naye.

Fundi Majira: Basi usitumie bando. Kwenye Mint, chomeka ile flashi uliyoinstolia, fungua Driver Manager, draiva ya Broadcom imo humo humo kwenye flashi.

Mtu wa Kijenge: Flashi ilikuwa ya mteja. Keshaondoka nayo Usa River.

Mtoto wa Kaloleni: Nunua nyingine, buku kumi tu.

Kiborloni Yetu: USINUNUE! Mimi niko Moshi, nimeuziwa flashi imeandikwa 64GB, pale dukani karibu na stendi, wa Moshi mnaijua. Nimejaza video za harusi ya dada yangu. Kufungua nyumbani, video za mwanzo tu ndizo zinacheza, nyingine zote jina lipo, ndani hamna kitu. Bibi harusi anaingia kanisani, hatoki.

Bibi Kompyuta: Uwiii! Hatoki kabisa?

Kiborloni Yetu: Hatoki mama. Nimerudi dukani, yule kijana ananiambia "labda harusi ilikuwa nzito."

Fundi Majira: Hizo wamezichezea kontrola, chipu inayoiongoza flashi, inadanganya ukubwa wake. Ikishajaa nafasi halisi, kinachofuata kinapotea au kinafuta cha mwanzo. Siku nyingine kabla ya kuweka kitu cha maana, instoli programu inaitwa f3, endesha `f3write` kisha `f3read`. Itakuonyesha nafasi ya kweli ni ngapi. Ikikudanganya, irudishe ukiwa na ushahidi.

Msonjo255: Watu wa Moshi mnaibiwa kirahisi sana. Arusha huwezi kuuziwa hiyo.

Kiborloni Yetu: Nyie si ndio mnaozileta? Mzigo wote unashuka na gari kutoka kwenu.

Mtoto wa Kaloleni: Kwenu mnachoweza ni kuuza ndizi tu.

Kiborloni Yetu: Na nyie mnakuja kununua kila Jumamosi, tena mnaomba mpunguziwe.

Mtu wa Kijenge: Jamani, "USB tethering" kwenye simu yangu iko kijivu, haibonyezeki. Nifanyeje?

Kahawa Chungu: Wa Moshi, hiyo harusi ilifungwa kanisa gani? Mimi nilikuwa kwenye kamati ya moja Agosti, huenda tunazo video zote.

Kiborloni Yetu: Mkuu njoo PM haraka!