Nesi akuulize "umepigiwa wapi?" au akushone tu?

Mtoa mada: Huko Cardiff, Wales, daktari mpasuaji wa taya, Jonathan Shepherd, aligundua kuwa wengi wa majeruhi anaowashona hawamo kwenye vitabu vya polisi. Basi mapokezi ya hospitali wakaanza kumuuliza kila aliyepigwa: wapi hasa, lini, kwa kitu gani. Jina linaondolewa, yaliyobaki wanapewa polisi na halmashauri. Doria zikahamishwa, mtaa wa vilabu vya usiku ukafungiwa magari. Utafiti uliochapishwa 2011 ulionesha waliolazwa kwa vipigo wamepungua kwa asilimia 42 ukilinganisha na miji inayofanana na huo. Jee, hospitali zetu za Zanzibar, Mnazi Mmoja ya Unguja na Chake Chake ya Pemba, nazo zianze?

Kijana wa Wete: Wenzetu wanapigana vilabuni Jumamosi usiku. Sie vipigo vyetu viko ndani. Doria itaingia chumbani kwa mtu? Na hilo la kuondoa jina, Pemba hii? Andika "mwanamke, Jumanne alfajiri, kapigwa mchi", utaje na shehia, yaani kieneo kile kidogo chenye sheha wake. Karatasi haijafika kwa sheha watu wameshajua ni mke wa nani.

Nesi mstaafu: Nimewapokea wengi "walioteleza chooni" wakavimba jicho moja tu. Choo gani hicho kinacholenga jicho? Hawasemi kwa muhali, na kwa kuiogopa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Akishaishika fomu ile, wazee wa pande zote mbili wameshakaa kikao cha sulhu, na yeye ndiye anayeombwa asamehe. Akijua jibu lake haliendi na jina, wengine watasema. Ila aulizwe faragha, si kwenye foleni huku mama mkwe kamshika mkono.

Mchumaji: Mmeng'ang'ania vipigo tu. Msimu wa karafuu watu wanaanguka, wanaletwa migongo imevunjika. Wao nani anawauliza kama ni tawi lililokatika, kamba, au mti ulikuwa umerowa?

Kijana wa Wete: Kuanguka mkarafuu hakuna aibu, kaka. Hapo waulize mpaka kesho.

Mtoa mada: Basi kwa vipigo isitajwe shehia, itajwe wilaya tu.

Kijana wa Wete: Ndiyo umeiua mwenyewe hoja yako! Cardiff walifanikiwa kwa kuujua mtaa. Ukiniambia Micheweni kuna vipigo, nifanye nini na habari hiyo?

Mtoa mada: Hapo umenibana, nakiri.

Nesi mstaafu: Wanangu, kwani lazima ziende polisi? Mie ningeanza na siku na saa peke yake, zibaki humo humo hospitali. Kituo cha Mkono kwa Mkono, cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, ninachokijua mie, mtu wa ushauri anaondoka saa tisa na nusu alasiri. Wanaopigwa wanakuja baada ya isha.

Kijana wa Wete: Shikamoo mama. Hilo la saa silipingi. La shehia bado nalikataa.