Tupeane uzoefu: Mama mchungaji wa kanisani kwenu, yale ambayo hayakusomwa kwenye historia ya marehemu

Mtoto wa Rungwe
Wakuu heshima kwenu. Juzi tumemzika mama mchungaji wetu huku Rungwe, sisi ni Moravian, mchungaji mwenyewe alishatangulia zamani. Sasa ikafika pale pa kusoma historia fupi ya marehemu, mzee wa kanisa akasimama na karatasi yake akasoma alizaliwa, akabatizwa, akaolewa na mchungaji, halafu kuanzia hapo ikawa ni mchungaji tu, mchungaji akahamishiwa ushirika huu, mchungaji akapelekwa chuo, mchungaji akarudi, mchungaji akastaafu, na mama "aliambatana naye". Nikajiuliza kwani tunamzika nani hapa.

Maana mama niliyemjua mimi alikuwa anatembea na magambuti na mwavuli uliokatika waya mmoja kwenye yale matope ya mwezi wa nne (mvua ya Rungwe mnaoijua mnaijua), kwapani kabana chupa ya chai, anaenda kwa mgonjwa ambaye saa nyingine hata siyo wa kanisa letu. Akifika haanzi na maombi, anauliza kuni ziko wapi. Anawasha moto anachemsha maji anamwosha mgonjwa anambadilisha shuka, akimaliza yote hayo ndo anafungua Biblia, Zaburi moja, sala fupi, kwisha. Sala zake zilikuwa fupi kuliko za mumewe na sisi watoto kwa hilo tu tulikuwa tunampenda.

Wamoravian wamefika Rungwe tangu 1891. Ofisini kwetu orodha ya wachungaji imebandikwa ukutani, ya wake zao hamna. Kwa hiyo naomba kila mtu alete wa kwao, yale ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi.

Ndizi Ng'ombe
Pole sana mkuu. Kwetu Machame, KKKT (Walutheri), mnajua ule mnada baada ya ibada, watu mnatoka nje, mayai, mkungu wa ndizi, maziwa, kila kilicholetwa sadaka kinanadiwa pale uwanjani. Kulikuwa na bibi mmoja mjane, ana kuku mmoja tu anayetaga, na siku ya mavuno akamleta huyo huyo. Basi mama mchungaji akaanza kumshindania yule kuku na mwalimu mkuu, huyu anapanda yule anapanda, bei ikafika pa ajabu watu wanacheka mpaka mnadishaji akasahau alipoishia. Mama akashinda. Jumatatu tunapita kwenda shule kuku yuko kwa bibi anachakura. Ukimuuliza bibi anakwambia amerudi mwenyewe.

Na msidhani hela ilikuwa ya mchungaji, mshahara miaka hiyo ulikuwa unachelewa mpaka mnausahau. Mama alikuwa anafuga nguruwe nyuma ya nyumba ya usharika na anashona sare za shule, ile cherehani ilikuwa inasikika mpaka usiku wa manane. Mbege, ile pombe ya ndizi, alikuwa hagusi, lakini kwenye misiba anakaa na akina mama wanaokunywa, anaosha nao vyombo, anacheka nao. Kuna walokole walimsema sana kwa hilo. Aliendelea.

Kisauni Moja
Bwana asifiwe. Huku Mombasa sisi wa ACK, yaani Anglikana wa Kenya, tunawaita mama kanisa. Mkitaka kuongea mambo ya wake kusahauliwa njooni Nyali muone kaburi la Rosine Krapf. Mumewe mzee Ludwig Krapf, yule mmisionari, kila aliyesoma historia shuleni anamjua, lakini alipofika Mombasa 1844 alikuwa na mkewe, mja mzito, na njiani huko nyuma walikuwa wameshazika mtoto mmoja. Julai hiyo hiyo Rosine akajifungua binti, homa ikamchukua, na mtoto naye akafuata siku chache tu baadaye, Krapf mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Kituo cha Rabai alikianzisha na mmisionari mwenzake Rebmann 1846, na watu wengi hapo ndio wanaanzia kuhesabu historia ya kanisa.

Sasa mama kanisa wetu, Mungu amrehemu, alikuwa anatupeleka pale na akina mama wa Mothers' Union, chama cha akina mama wa Anglikana, tunabeba panga na ndoo na sare zetu zimefungwa kwenye leso zisichafuke. Siku moja kijana mmoja mvivu akauliza kwani huyu mama alifanya nini hata tumsafishie. Mama kanisa hata hakuinua kichwa. Akamwambia, "Alizaa na akazikwa hapa kabla mumewe hajabatiza mtu hata mmoja pwani hii. Fyeka."

Halafu mjue huo Mothers' Union wenyewe haukuanzishwa na askofu yeyote, ni mke wa kasisi, Mary Sumner, Uingereza mwaka 1876. Haya, endeleeni.

Sina Upande
Nisameheni ila siyo wote jamani. Tulikuwa na mmoja, yeye ndo anachagua kitambaa cha sare ya kwaya, yeye ndo anajua nani asimamie harusi, ukimkosea Jumatano Jumapili mahubiri yanakuhusu wewe. Nimesema tu tusije tukawafanya wote malaika.

Ndizi Ng'ombe
Hahaha huyo naye alete mtu historia yake hapa, hata hao wana mambo yao.

Mhaya wa Zamani
Wetu alikuwa mtu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukaingia Bukoba. Kwa msiowajua, hawa watu walikuwa wanatubu hadharani, kwa majina na mahali, yaani unakaa kwenye mkutano unaomba tu jirani asije akasimama akakutaja.

Basi siku hiyo mchungaji kahubiri juu ya upendo, kahubiri vizuri kweli, kamaliza anajifuta jasho. Mama akasimama kwenye mkeka wake huku chini. Akasema ndugu zangu nataka kutembea nuruni, leo asubuhi mchungaji alichukua hela ya mafuta ya taa akampa msafiri bila kuniambia, nikanuna, ndizi nilizompikia nimeziacha bila chumvi makusudi, na chumvi ilikuwepo. Kimya. Mchungaji akasimama naye akasema na mimi natubu, nilipozionja nikasema moyoni huyu mwanamke amezeeka anasahau, nikala nikiwa nimejiona mvumilivu sana. Watu walicheka mpaka wengine machozi, wakaingia kuimba na kukumbatiana pale. Mimi nilikuwa mdogo, mahubiri yenyewe sikumbuki hata neno.

Mtoto wa Nyumba ya Usharika
Nimesoma zote nikasita kuandika maana mimi nimezaliwa humo ndani. Nyie mlikuwa mnaona chai, sisi tulikuwa tunaona sukari inaisha. Mgeni akibisha hodi saa tatu usiku chakula kilichopakuliwa kinarudishwa kinagawanywa upya, na mama alikuwa na jicho lake, akikutazama tu unasema mimi nimeshiba. Kuna siku tulimchukia, siwafichi.

Kila tulipohamishiwa kitu cha kwanza anapanda parachichi, na anajua kabisa likizaa hatupo. Baba alipofariki tukatakiwa tupishe nyumba kwa ajili ya mchungaji mpya, ndo utaratibu, nyumba ni ya usharika. Mama akaomba kitu kimoja, asubiriwe avune maharage yake. Wazee wakakubali ila mchungaji mpya akawahi kufika, mambo yakaingiliana, tukahama maharage yakiwa bado shambani. Yule mke wa mchungaji mpya, binti mdogo kabisa wa miaka ishirini na kitu, akayavuna akayaanika akapima kwa debe mbele ya jirani, nusu akampakilia mama kwenye basi, nusu akamwandikia barua kuomba abaki nayo. Wakawa marafiki kuanzia hapo, anamwita mama mkwe wake wa kanisani, na kwenye mazishi alilia kuliko sisi.

Na hili halitasomwa popote, mama alikuwa Yanga damu damu. Mechi ikianza redio inawekwa chini ya meza ya jikoni, sauti ndogo, yeye anachambua mchele. Mzee wa kanisa akipiga hodi anahamisha stesheni haraka mpaka anapata kwaya. Baba alikuwa Simba, na akitoka ziara anajua matokeo kwa kusikiliza tu sufuria zinavyowekwa.

Kisauni Moja
Yangaaa! Sasa huyo ndiye mama kanisa. Na siku hizi kwenu nani anafanya hizo kazi?

Ndizi Ng'ombe
Siku hizi usharika wetu mchungaji ni mama, mumewe anaendesha lori la mbao. Jumapili akiwa hana safari ndiye anayewapikia chai wazee wa kanisa, tangawizi anaweka nyingi mno inawatoa jasho lakini wanakunywa na wanaongezewa. Tunamwita baba mchungaji. Mwanzoni alikuwa anakasirika, sasa hivi ukisahau kumwita hivyo vikombe vinakuja bila sukari.