Naombeni ushauri: nimepewa igizo bubu la dakika 10, nianzie wapi?

Mgeni_Jukwaani: Wakuu habari zenu. Kikundi chetu cha maigizo kimenipangia kipande cha dakika 10 peke yangu bila kusema neno na juu yake niandike karatasi fupi ya historia ya hii sanaa. Sasa mazoezini nikianza tu mikono inapepea kama naelekeza magari na midomo inacheza yenyewe, mwalimu kaniambia "wewe unaongea, umezima sauti tu". Kwenye karatasi niliandika kila kitu kilianza na Charlie Chaplin, nayo ikarudi na alama nyekundu. Niangalie filamu gani? Msinicheke.

MzeeWaPazia: Tutacheka kidogo mkuu 😂 Chaplin aliikuta ishazeeka. Roma enzi za Kaisari Augusto walikuwepo kina Pylades na Bathyllus, mtu mmoja na kinyago kilichofumba mdomo anacheza hadithi nzima huku wengine wanaimba pembeni. Ila nafasi yako ni ndogo, ruka hadi Paris karne ya 19, ukumbi wa Funambules. Serikali ilibana kumbi ndogo, tamthilia za maneno ziliachiwa zile kubwa, kwa hiyo hawa wakabaki na sarakasi na ishara, na humo humo ndo akang'aa Jean-Gaspard Deburau na mhusika wake Pierrot, uso mweupe nguo pwaa. Yaani walizibwa mdomo wakaufanya mtaji.

Dada_Kinyago: Nyongeza, tafuta filamu ya Les Enfants du Paradis ya 1945. Jean-Louis Barrault anamwigiza huyo Deburau, na anayecheza baba yake ni Étienne Decroux, mwalimu wa Barrault kweli kabisa. Kuna sehemu saa imeibwa, Deburau ndo shahidi, anawaonyesha watu ilivyokuwa bila neno hata moja, irudie mara kumi. Decroux alikuwa anasema kiwiliwili kwanza, uso na mikono baadaye, mpaka uso anaufunika kitambaa. Fanya hivyo, midomo itakosa kazi yenyewe.

Kimya_Kingi: Sawa ila Chaplin msimtupe jamani. Sauti iliingia kwenye filamu kwa kishindo 1927 na The Jazz Singer, yeye 1931 akatoa City Lights bila mazungumzo, 1936 tena Modern Times na humo sauti yake inasikika akiimba maneno yasiyo na maana yoyote, na bado unaelewa wimbo! Halafu mwangalie Buster Keaton, naye wa filamu bubu, uso haubadiliki, mwili unamaliza kila kitu.

Mgeni_Jukwaani: Asanteni sana. Na ule ukuta usioonekana mnafanyaje, wangu unatembea.

Dada_Kinyago: Kwa sababu mkono unasogea. Kiganja kinakuja kimelegea, kikigusa kinakakamaa hapo hapo, hakipandi hakishuki, mwili ndo uhame. Na ukinyanyua kitu, uzito uanzie miguuni na mgongoni, sio kukunja sura.

MzeeWaPazia: Nje ya mada kidogo, filamu ya Silent Movie ya 1976 neno linalotamkwa ni moja tu, "Non", na aliyelitamka ni Marcel Marceau, msanii wa igizo bubu, bingwa wa kukaa kimya 😂

Mgeni_Jukwaani: Mrejesho: nimejaribu na kitambaa usoni nikajigonga kabatini. Ila mdogo wangu alikuwa mlangoni, kaniuliza hiyo ndoo naipeleka wapi.