Naombeni ushauri: maajabu ya njiani kati ya Arusha na Moshi, bila viingilio vya hifadhi

MamaKijenge
Wakuu, habari za jioni. Nina ugeni kutoka Lindi: shangazi yangu na wajukuu zake wawili wa sekondari. Jumamosi nawapeleka Moshi na kigari changu, tunalala huko, Jumapili tunarudi. Hifadhi hapana, mfuko hauruhusu, na shangazi anasema twiga ameshawaona kwenye noti na kwenye ndege, inatosha. Yeye ugonjwa wake ni vitu vya ajabu ajabu. Kaburi lisilo na mwenyewe, mti wenye kisa, sanamu iliyosimama peke yake. Kila tukipita mahali: "Na hapa pana nini?" Mimi niliyeolewa mji huu najikuta namjibu "ni nyumba tu, shangazi." Mnara wa Saa na Makumbusho ya Azimio tumeshamaliza. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo ngazi nyingi haziwezi. Nisimame wapi?

Chalii_wa_Sakina
Hapo Mnara wa Saa ulimpa ile habari ya kuwa ndiyo katikati ya Cape Town na Cairo?

MamaKijenge
Nilimpa. Akauliza nani alipima.

Chalii_wa_Sakina
Hahaha, mpe shangazi maua yake. Ukiweka rula kwenye ramani kutoka Cape Town hadi Cairo, katikati inaangukia Kongo huko. Sisi tunajitetea kwamba tunahesabu kwa barabara. Barabara ipi, usiniulize.

Nyoka_Mkavu
Mpeleke Meserani kwenye nyoka, watoto watafurahi.

Dereva Mstaafu
Meserani ni njia ya Makuyuni, wewe. Mama anaenda Moshi.

Sasa mama, nisikilize mimi niliyepita barabara hiyo nikiwa bado na nywele. Kituo chako cha kwanza ni Tengeru, ndani ya chuo cha mifugo. Kuna makaburi ya Wapolandi. Wengi wanaopanda daladala pale kila asubuhi hawajui kwamba yapo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Wasovieti waliwakamata Wapolandi kwa malaki, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa 1941 wakashuka hadi Iran, na kuanzia 1942 Waingereza wakawagawa kwenye makambi huku kwetu. Tengeru ilipokea kama 5,000, wengi wao kina mama na watoto. Walikuwa na kanisa, shule, hospitali, mashamba, kijiji kizima. Vita ilipoisha wengi hawakutaka kurudi kwao, maana Poland yenyewe ilikuwa chini ya watu walewale waliowafukuza. Wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Wachache wakabaki hapahapa hadi kufa, nao wamezikwa pale na wenzao.

Makaburi yana ukuta na yanatunzwa vizuri. Getini mnajieleza kwa adabu, mnaonyeshwa njia. Pale shangazi atakaa, hutamwondoa haraka. Na kwa kuwa ni Jumamosi, gulio la Tengeru litakuwa limefurika, kwa hiyo anza na makaburi asubuhi, ndizi mtanunua baadaye.

MamaKijenge
Shikamoo mzee. Hiki ndicho alichokuwa akikitafuta. Nimemsomea, kaanza kuuliza kama majina yameandikwa.

Dereva Mstaafu
Marahaba. Yameandikwa. Mwambie aje na miwani.

Binti_Usa
Mkivuka Usa River, punguzeni mwendo pale Maji ya Chai mwangalie mto. Rangi ndiyo hiyohiyo ya jina. Maji ya upande huu wa Meru yana floridi nyingi, na ndiyo maana wazawa wengi wa huku tuna meno ya kahawia. Watu wa mbali hudhani ni ugoro! Hakuna cha kulipia hapo, ila angalieni tochi za trafiki, vibao vya mwendo wa 50 ni vingi.

Kaka_Boma
Boma Ng'ombe kata kulia kwenda chemchemi ya Chemka. Barabara ni vumbi tupu, lakini watoto hawatakusamehe ukiwaruka. Jina linatisha bure, maji ni ya uvuguvugu, ya bluu, yametulia chini ya mikuyu. Shangazi akae kwenye mizizi atumbukize miguu, kuna visamaki vinadonoa ngozi iliyokufa. Kiingilio kipo lakini si cha hifadhi. Mwisho wa wiki panajaa muziki na nyama choma, kwa hiyo msichelewe.

Mndeny
Kwa upande wa Moshi, nendeni Old Moshi kwenye mti alikonyongewa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa pale. Unapandia Kiboriloni. Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wenzake, Wachaga, Wameru na Waarusha, 19 kwa jumla. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo unakidai mpaka leo. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba kule Ujerumani vilioanisha fuvu la Akida, mshauri wake, na ndugu zake walio hai. Fuvu la Mangi mwenyewe halikupatikana kwenye vipimo hivyo. Pale pana sanamu yake iliyozinduliwa 2019.

Ila naomba jambo moja. Pale si kituko. Kuna watu wanakuja kupiga picha wamening'inia kwenye tawi, wanacheka. Mtafute mwenyeji awasimulie, mumpe chochote.

MamaKijenge
Nimekuelewa kaka, na wale wajukuu nitawaonya kabla hatujashuka garini. Vipi Marangu? Nasikia kuna sanamu ya msichana na chui.

Mndeny
Kinukamori. Msichana alipata mimba kabla ya kuolewa, akaenda kujirusha kwenye maporomoko, akaghairi, alipogeuka akakutana na chui, akaanguka. Sanamu yao iko juu ya maporomoko, ngazi ni za kushukia chini kwenye maji. Shangazi abaki juu na sanamu, wajukuu washuke.

Kaka_Boma
Chemka, Old Moshi na Marangu kwa siku mbili na mama mwenye magoti? Mtafika mmechoka wote.

Dereva Mstaafu
Inawezekana. Jumamosi Tengeru na Chemka, mlale Moshi. Jumapili Old Moshi baada ya ibada, maana kabla ya hapo wenyeji wote wako kanisani na hamtapata wa kuwasimulia. Marangu iacheni, labda mtoke Old Moshi kabla ya saa sita.

MamaKijenge
Shangazi anasema Marangu haiachwi, tuache kulala.