Bajeti ya Jiji la Mbeya: idara ya usafi ipewe lori jipya au hela ya matengenezo?

Mleta mada: Wakuu, maombi ya idara yanapitiwa kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1. Idara ya usafi ikiomba lori jipya la kubeba makontena, na mapato ya ndani ni yale yale, madiwani wapitishe lori au matengenezo ya yaliyopo? Mimi nasema matengenezo.

Spana: Ukisema matengenezo, taja vifungu. Lori la kontena halianzi kufa injini, linaanza haidroliki, ule mfumo wa oili unaoinua kontena. Vumbi linaganda kwenye fimbo ya jeki, linakata sili (mpira unaozuia oili), oili inavuja, dereva anajazia oili chafu, mwisho pampu inakwenda na maji. Sili ni hela ndogo, pampu utalia. Kwa hiyo andikeni sili, mipira ya haidroliki, filta na matairi, kila robo mwaka. Halafu acheni kujaza kupita kiasi: kontena la mita 7 za ujazo likijaa kabichi na maganda ya ndizi yaliyonyeshewa pale sokoni Soweto linagonga tani 3. Fremu ikishapinda, kuinyoosha ni shughuli. Na sakafu ya kontena inaliwa na majimaji ya taka, bila kuchomelea bati jipya kontena linachuruzika njia nzima mpaka dampo la Nsalaga.

Binti Uyole: Ongeza majivu ya moto. Watu wanamwaga makaa humo, rangi inaungua, kutu inaingia. Ila tusemezane ukweli, wapangaji ada ya taka hawalipi. Lori la nini?

Chumba na Sebule: Dada umeanza vizuri ukaharibu. Mkusanyaji anapita saa nne asubuhi, mpangaji yuko kazini Kabwe. Mwenye nyumba yupo, anajibu "waulize wapangaji". Hapo nani hajalipa?

Binti Uyole: Jioni mnarudi, na mfuko wa taka mnauacha mtaroni. Huo hauhitaji mkusanyaji.

Mzee wa Kabwe: Wanangu, hiyo ada iingizwe kwenye LUKU kama kodi ya majengo. Ile kodi ni buku tu kwa mwezi, ukinunua umeme imeshakatwa.

Mhasibu: Shikamoo mzee. Buku ilikuwa 2021. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500, ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Tena ile anakusanya TRA. Ada ya taka ni ya halmashauri, inataka sheria ndogo: baraza lipitishe, waziri wa TAMISEMI aridhie. Na kwenye mapato ya ndani kuna asilimia 10 ya mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Hiyo haiguswi kununulia lori.

Chumba na Sebule: LUKU tena! Nyumba moja ina mita tatu, kila mpangaji na yake. Tutakatwa mara tatu kwa kontena moja?

Spana: Hoja ilikuwa sili jamani.

Mhasibu: Mita za ziada mwenye nyumba anaomba ziondolewe kwenye makato. Na ile kodi ya majengo ni deni lake. Ukikatwa wewe, mpunguzie kwenye pango.

Chumba na Sebule: Kumpunguzia mwenye nyumba wa Mbeya? Mkuu, umewahi kupanga kweli?

Mzee wa Kabwe: Mimi mwenye nyumba. Nipunguzie uone.