Pikipiki haichaji betri, rektifaya nimeshabadilisha mbili. Nikague wapi sasa?

Tenga Moja
Wakuu salaam. Niko Mtwara mjini, nachuuza samaki. Nina pikipiki ya Kichina cc 125, huu mwaka wake wa tatu. Saa tisa usiku natoka kwenda Msimbati, napakia tenga, saa mbili asubuhi nimesharudi mjini.

Ilianza kama utani. Selfu ikawa inakohoa, nikahamia kwenye kiki. Honi ikaanza kulia kama mbuzi mgonjwa. Sasa indiketa nikiwasha hazipepesi, zinang'ang'ania tu kuwaka kwa unyonge. Cha ajabu taa kubwa ipo: nikipiga resi inamulika vizuri, nikiachia inafifia. Injini haina neno.

Fundi wa kwanza alisema betri. Nikanunua mpya kwa 45,000, wiki mbili ikalala. Wa pili akasema rektifaya, kile kifaa kinachopitisha chaji kwenda betri. Ikafungwa mpya, ikachaji siku tatu, basi. Akafunga nyingine, nayo siku nne. Sasa anataka tufungue magneto, pale injini inapozalishia umeme, tusuke koili upya na ameshataja hela. Kabla sijaitoa nimeona niulize. Gesi ya huku kwetu imeshafika Dar, mimi jirani yake nasukuma pikipiki gizani.

Dereva Magomeni
Kipimo rahisi kaka. Iwashe, ikiwa inaunguruma chomoa waya wa betri. Ikizima, haichaji. Isipozima, chaji ipo.

Fundi Chikongola
Mkuu Tenga Moja, hilo la hapo juu usilifanye. Ukichomoa betri injini ikiwaka, volti zinaweza kuruka juu na kuondoka na balbu na vifaa vingine vya umeme. Halafu kwa pikipiki yako jibu lenyewe ni la uongo. Pikipiki nyingi za namna hiyo, moto wa plagi unatoka kwenye koili yake ndani ya magneto, haupiti kwenye betri. Itaendelea kuunguruma hata betri ukiipeleka nyumbani.

Ulichoeleza kuhusu taa kubwa kinasema mengi. Kwa hizo pikipiki taa kubwa inakula moja kwa moja kutoka magneto, mara nyingi kwa waya wa njano, ndiyo maana inafuata resi. Betri ina waya wake, mara nyingi mweupe. Kijani ni ethi, yaani wa kwenda bodi, na mwekundu ndio unaotoka kwenye rektifaya kwenda betri. Rangi hakikisha kwako, wapo waliokwisha kuchanganya. Taa inawaka, kwa hiyo sumaku ya magneto inafanya kazi. Tunachotafuta ni mahali ambapo umeme wa mweupe unapotelea.

Nunua mita, ile ya bei ndogo inatosha. Peleka betri ikachajiwe usiku kucha, iache itulie saa kadhaa, kisha pima. Nzima itasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Washa, piga resi ya kati, pima palepale kwenye vichwa vya betri. Ukiona 13.5 hadi 14.5 inachaji. Ikikaa chini ya 13 haichaji. Ikipita 15 rektifaya imeachia, itachemsha betri. Halafu chomoa soketi ya rektifaya na upime waya mweupe unaotoka magneto dhidi ya bodi, injini ikiwaka. Hapo mita lazima ipande kadiri unavyopiga resi. Niletee namba, maneno ya mafundi wenzangu usiniletee.

Kijana wa Newala
Umefunga taa za spoti? Hizo koili ni ndogo. Ukifunga spoti mbili, redio na chaja ya simu, unatoa kingi kuliko kinachoingia.

Tenga Moja
Spoti mbili zipo na chaja ipo. Redio hapana. Ila hata nikizima vyote hali ni ileile.

Nimenunua mita. Betri imetoka kuchajiwa, 12.7. Nimewasha na kupiga resi, inasoma 12.5 na inazidi kushuka. Mweupe nimepima, imesoma 0. Nimerudia mara tatu, 0. Kwa hiyo koili imekufa kweli? Nimpe fundi hela yake?

Fundi Chikongola
Subiri kwanza. Mita uliiweka kwenye alama gani? Yenye mstari ulionyooka au yenye kiwimbi?

Tenga Moja
Yenye mstari ulionyooka. Ile niliyopimia betri.

Fundi Chikongola
Ndiyo maana. Umeme unaotoka magneto unakwenda na kurudi, haujanyooshwa bado. Kazi ya kuunyoosha ni ya rektifaya. Geuza iwe kwenye kiwimbi, anzia 200, urudie.

Tenga Moja
Aibu yangu. Nimegeuza. Ikinguruma taratibu 14, nikipiga resi 31 na inapanda.

Fundi Chikongola
Koili yako nzima, hela yako ifiche. Kwa uhakika zaidi zima injini, weka mita kwenye ohm, pima mweupe na bodi. Pikipiki ndogo nyingi husoma chini ya 2.

Sasa fikiri: magneto inatoa, rektifaya mpya mbili, betri mpya, na bado haifiki. Kitu gani hakijabadilishwa tangu mwanzo?

Mama Pweza
Mimi si fundi jamani, nanunua pweza tu na hao vijana wananibebea. Naomba niulize swali la kijinga. Mwanangu, tenga lako lile linavuja. Nimekaa sana nyuma ya pikipiki zenu, najua maji ya samaki yanavyoshuka, sketi zangu zinajua zaidi. Kwako yanaishia wapi?

Fundi Chikongola
Mama, hilo si la kijinga hata kidogo. Rektifaya ya hizo pikipiki inakaa wapi? Chini ya siti, kwenye kava la pembeni. Tenga linakaa juu yake. Bwana mdogo, fungua kava, ichomoe soketi polepole na uitazame upande wa waya zinazotoka kwenye bodi. Upande wa rektifaya uache, huo umeshabadilishwa mara mbili.

Tenga Moja
Wakuu. Nimefungua.

Soketi ilikataa kutoka, nikaitikisa na bisibisi. Ilipotoka, tundu la waya mweupe likaja na kipande cha plastiki kimeyeyuka, kahawia kama sukari iliyoungua. Kile kishikio cha shaba ndani ni kijani kabisa, na nilipokigusa na ncha ya kisu kikapukutika unga. Kishikio cha waya wa kijani nacho kimeota chumvi nyeupe. Nikainusa. Inanuka dagaa.

Dereva Magomeni
Hahaha, Mtwara kuchele (kumekucha), soketi bado usiku.

Fundi Chikongola
Hapo ndipo chaji ilipokuwa inaishia. Na siku zako tatu zimepata maelezo: rektifaya mpya inaingia na vidole visafi, vinakwangua uchafu kidogo, umeme unapita. Baada ya siku kadhaa panashika joto, kutu inarudi, njia inafunga. Fundi anaona imechaji kwa siku tatu, anadhani alipatia.

Usiisugue kwa msasa ukairudisha, imeshalegea. Nunua soketi mpya ya matundu manne. Kata waya nyuma hadi uone shaba inayong'aa, ukiona nyeusi endelea kukata. Bana vishikio kwa koleo na ulehemu kwa risasi. Kusokota na kufunga solatepu kwa pikipiki ya samaki ni kujidanganya. Paka grisi, geuza mdomo wa soketi utazame chini. Na bolti ya ethi ya betri kwenye bodi ifungue, isugue hadi chuma kiwe cheupe.

Tenga Moja
Mrejesho. Imenichukua Jumapili nzima, lakini nimefanya mwenyewe. Nikipiga resi 14.2 kwenye betri. Nikiwasha spoti zote mbili inashuka 13.4. Selfu inapiga mara moja.

Halafu kwa udadisi nikachukua ile rektifaya ya kwanza kabisa, iliyokuja na pikipiki, fundi aliyoniambia imekufa. Nilikuwa nimeitupia kwenye ndoo ya vyuma. Nikaichomeka. 14.2 ileile.

Nimekaa chini nikacheka, mke wangu akadhani nimepatwa na kitu.

Kijana wa Newala
Pole na hongera. Na tenga?

Tenga Moja
Nimekata dumu la lita 20 kwa ubavu, nimelilaza chini ya tenga, nimetoboa pembeni na kuweka mpira unaomwaga nyuma ya tairi. Mama Pweza, safari ijayo panda bila hofu ya sketi.

Mama Pweza
Nitaiona kwanza.

Mtu wa Lindi
Mkuu, hizo rektifaya mbili zilizobaki unauza bei gani? Yangu nayo haichaji, fundi kasema rektifaya.

Tenga Moja
Ndugu yangu, umeshafungua soketi?